Usianze na kuskani, anza na orodha

Ndugu, umesema una maboksi 40 ya barua na picha za zamani, katalogi hakuna, watu wanakuja wanaondoka mikono mitupu, na bosi anataka mnunue skana. Skana isubiri kwanza. Picha elfu zilizoskaniwa zikabaki na majina kama IMG_0457 bado zimefichwa tu, nani atazipata?

Elezea kila boksi kwa ujumla kwanza, karatasi moja moja utafanya baadaye. Kiwango cha ISAD(G), yaani mwongozo wa kimataifa wa kuelezea nyaraka za kumbukumbu, kina vipengele 26 lakini vya lazima ni 6 tu: namba ya kumbukumbu, jina, aliyeziandika au kuzikusanya, tarehe, ukubwa, na ngazi ya maelezo (yaani unaelezea mkusanyiko mzima, sehemu yake, au karatasi moja). Mfano andika "Barua za mwalimu kwa familia yake, 1948–1961, boksi 2", hapo mtafiti tayari ana pa kushika. Jaza kwenye eksel, baadaye utahamishia AtoM, programu ya bure ya katalogi za kumbukumbu.

Halafu kuskani, fuata zile zinazoombwa sana na zinazochakaa. Hifadhi faili za aina mbili: TIFF (kubwa, yenye ubora kamili) ya kutunza, JPEG (ndogo, nyepesi) ya kuonyesha watu. Barua zenye siri za watu walio hai zisiwekwe mtandaoni, tafadhali sana.