Pafu limesinyaa, mgonjwa yuko kwenye mashine: tafuta sababu kwanza

Oksijeni ya mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia ikishuka, wengi wetu hukimbilia kuongeza shinikizo. Kazi ya uuguzi wa wagonjwa mahututi hapa Kampala imenifundisha kuuzuia mkono kwanza. Pafu halisinyai bure.

Anza na mpira wenyewe, ule uliopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Soma alama kwenye meno: kwa mwanamke mzima huwa karibu sentimita 21, kwa mwanamume 23. Ukizama mno huingia pafu la kulia, maana njia yake imenyooka zaidi, na la kushoto hukosa hewa. Hapo daktari akiuvuta kidogo tu, pafu linaweza kufunguka. Kisha sikiliza kifua, ukigonge. Upande ulio kimya ukilia kama ngoma, shuku hewa iliyovuja nje ya pafu. Tafadhali, usiongeze shinikizo. Mwite daktari mbio, kwa sababu mgonjwa anaweza kufa mikononi mwako. Upande huo ukitoa sauti nzito, huenda pafu limesinyaa au kuna maji.

Kisha makohozi. Yafyonze yanapohitajika, kwa sekunde zisizozidi 15. Kila unapouchomoa mpira kwenye mashine, shinikizo lililokuwa likishikilia pafu linapotea, na sehemu uliyoihangaikia asubuhi nzima inajifunga tena. Hakikisha pia hewa ina unyevu, la sivyo makohozi hukauka na kuziba.

Kitanda nacho ni dawa, tena hakina bei. Inua kichwa nyuzi 30 hadi 45. Pafu moja likiwa ndilo bovu, mlaze ubavu, lililo zima likiwa chini: damu nyingi hufuata lililo zima, na makohozi ya bovu hupata njia. Kwetu jamaa hawabanduki mlangoni, basi waeleze, “Mama, tumemgeuza mzee ili apumue vizuri,” wasije wakamrudisha chali.

Baada ya hayo ndipo mzungumzie na daktari PEEP, yaani shinikizo ambalo mashine huliacha kwenye mapafu mwisho wa kutoa pumzi, ipandishwe taratibu mkitazama presha ya damu. Kulifungua pafu kwa shinikizo kubwa si jambo la kila mgonjwa: utafiti ulioitwa ART, ulioongozwa kutoka Brazili na kuchapishwa 2017, ulikuta vifo vingi zaidi kwa wagonjwa wa ARDS (mapafu yaliyovimba na kujaa maji ghafla) waliofanyiwa hivyo, asilimia 55.3 dhidi ya 49.3 katika siku 28.

Ukikabidhi zamu, taja mpira uko sentimita ngapi, PEEP ni ngapi, na mgonjwa ageuzwe saa ngapi.