Nataka Kuwa NP wa Wazee, Je, Nimechelewa?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Minnesota mwaka wa tisa. Nilianza kama CNA, yaani msaidizi wa nesi, kuogesha na kulisha wazee, nikarudi shule, na sasa ni RN, nesi aliyesajiliwa, mwenye digrii kwenye nyumba hiyohiyo ya wazee. Natamani kusomea NP wa wazee, yaani nesi wa ngazi ya juu anayepima wagonjwa na kuwaandikia dawa. Mume wangu ananiambia nichukue NP ya familia kwa kuwa ina kazi nyingi, tena tunafikiria kuhamia Texas. Nina miaka 41. Nimechelewa?
*Nesi wa zamu ya usiku, Brooklyn Park*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. La umri tulimalize haraka: mimi nilianza kusomea NP nikiwa na miaka 44, na jirani yangu darasani alikuwa na wajukuu.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Cheti utakachosomea ni cha watu wazima na wazee kwa pamoja, kuanzia vijana waliobalehe hadi ajuza wa miaka mia. Kina njia mbili, ya huduma ya msingi na ya wagonjwa mahututi, na kila moja ina mtihani wake. Ukichukua ya mahututi kisha ukatamani kliniki, utarudi darasani. Kwa kazi unayoipenda, chukua huduma ya msingi. Mumeo hajakosea, ya familia inafungua milango mingi, ila saa zako nyingine zitakwenda kwa watoto wachanga na wajawazito. Kama moyo wako hauko huko, utazihesabu moja moja.

Masters ni miaka miwili au mitatu, zaidi ukisoma huku unafanya kazi. Viwango vya kitaifa vya 2022 vinataka angalau saa 750 za kuona wagonjwa chini ya msimamizi, na kwa kawaida hulipwi hata senti. Kabla ya kulipa ada uliza swali moja: nani anamtafuta huyo msimamizi? Shule yangu ilituachia wenyewe. Nilibisha hodi kliniki hadi kliniki, nikapoteza muhula mzima.

Somo la dawa litakunyima usingizi. Lakini mimi kilichonitoa jasho ni kingine. Miaka yote nikiwa RN, mgonjwa akibadilika saa nane usiku nilimpigia simu anayeamua. Sasa simu inapigwa kwangu.

Mafunzoni nilipewa bibi wa miaka 84, anaanguka usiku na majina ya wajukuu yanampotea. Nikampima: inuka kitini, tembea mita tatu, geuka, rudi ukae. Sekunde 12 tu tayari ni dalili ya hatari ya kuanguka. Yeye alitumia 19. Nikaandika mpango wangu kwa fahari, wenye dawa tatu mpya. Msimamizi wangu, mama wa mvi na maneno machache, hakuusoma. Aliniuliza, "Mkoba wake umeufungua?"

Nikamwomba bibi ruhusa, nikaufungua. Mlikuwa na vidonge vya usingizi vya dukani visivyohitaji cheti cha daktari, vyenye difenhidramini. Alikuwa akivimeza kila usiku tangu mumewe afariki. Dawa hiyo imo kwenye orodha ya Beers, iliyoanza 1991, ya dawa za kuepusha kwa wazee: humvuruga mzee akili, humlevya, humfungia mkojo. Tulimwachisha polepole. Baada ya wiki kadhaa alinitajia wajukuu wote saba, na mbwa wa mmoja wao. Mpango wangu ningali nao kwenye droo.

Wewe uliyemvua mzee soksi miaka yote hiyo una jicho ambalo wengi darasani hawatakuwa nalo. Ila usilivimbie kichwa. Mimi nilikuwa nimewaogesha mamia, na mkoba sikuufungua.

Texas pigeni hesabu kwanza. Hapa Minnesota, tangu 2015, NP akimaliza saa 2,080 za kazi kwa ushirikiano na mzoefu anaweza kusimama mwenyewe. Texas hutaandika dawa bila makubaliano ya maandishi na daktari. Kazi zipo kote, uhuru haulingani.

Kwenye nyumba yenu bila shaka kuna NP anayepita asubuhi zamu yako ikiisha. Usikimbilie kulala siku hiyo. Mchemshie chai ya maziwa yenye tangawizi, umwombe umfuate vyumba viwili vitatu, na utazame anachouliza kabla hajagusa stetoskopu.