Wifi hajamloga mumeo

*Shikamoo Shangazi. Niko Mbagala, ndoa yetu ina miaka tisa na watoto wawili. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, safari za Tunduma mpaka Zambia, tukiishi vizuri. Mwaka juzi aliacha kazi kwa uvivu tu, ingawa polisi walimwachia kwenye ile ajali ya Makambako, maana mtoto aliyekufa ndiye aliyekatiza barabara usiku. Sasa ikifika magharibi anaanza pombe kali, chupa ndogo mbili tatu. Analala sebuleni na taa inawaka, luku inaisha. Saa tisa usiku namkuta amekaa anatazama mlango. Nilimfungia ndani siku mbili aache, akatetemeka kama mwenye malaria, nikamfungulia. Nimemtilia dawa ya kuachisha pombe kwenye uji bila yeye kujua. Nikampiga picha amelala barazani nikaituma kwenye grupu la ukoo wamwombee. Dada yake alimchukua Morogoro wiki tatu, eti akampeleka hospitali, kule hakunywa. Kurudi kwangu, siku ya pili tu akaanza. Naamini wifi kamfanyia kitu ili anichukie. Nifungashe?*
*Mama Wawili*

Marahaba mwanangu. Kuishi na mlevi kunachosha, pole. Sasa tuseme ukweli.

Luku umeililia kuliko yule mtoto. Roho ya mtu imetoka mbele ya taa za lori la mumeo, nawe umeipitisha haraka kama kituo cha daladala usichoshuka, ukakimbilia neno "uvivu". Mvivu gani huyo aliyepanda Kitonga na semi miaka yote hiyo, mkala, mkavaa? Polisi walimwachia, sawa. Wewe ulimuuliza hata siku moja aliona nini usiku ule? Barua yako yote haina sentensi moja iliyotoka kinywani mwake.

Ajali ilikuwa usiku, na kiu yake inaanza magharibi. Hataki giza, ndiyo maana taa haizimwi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwake kila jua likizama ni ung'ongo. Pombe anaitumia kama ganzi. Nayo ni ganzi ya kitapeli: inamlaza mtu upesi, kisha usiku ukiwa wa manane inamwachia, usingizi unakatika na ndoto zinarudi kwa nguvu. Saa yako ile ya tisa ndiyo hiyo. Kesho anaongeza kipimo ili alale tena, na mwili ukishazoea unaanza kuidai wenyewe, hata ile siku ambayo hakuna ndoto. Watu wengi wanaingia kwenye ulevi kwa mlango huo, wakimkimbia marehemu, aibu, au kipigo cha utotoni. Tukiwaona kilabuni tunadhani wanafuata raha.

Sasa njoo kwa wifi yako, maana hapo ndipo uliponichekesha. Mtu amekaa Morogoro wiki tatu bila kunywa, wewe unaona uchawi! Mimi naona mgonjwa aliyepelekwa hospitali, akapata mtu wa kukaa naye. Nikupe mfano wa mbali kidogo. Mwaka 1971 Marekani iligundua kwamba askari wake wengi kule Vietnam wamenaswa na heroini, ikahofu watarudi na balaa mitaani. Mtafiti mmoja, Lee Robins, akawafuatilia waliporudi makwao. Wengi mno waliacha, na wengi wao hata hospitali hawakwenda. Walikuwa wametoka kwenye vita, wamerudi kwa watu wao. Mumeo naye alitoka Morogoro akarudi wapi? Akarudi kwenye sebule ileile, kwa mke anayemfungia kwa kufuli, na picha yake amelala barazani iko kwenye simu za ukoo mzima. Hilo la picha, mwanangu, limenikera. Ungeona yako, umelala mdomo wazi, shemeji zako wanaandika "amina", ungetoka nje kununua sukari?

Ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo. Mke anajua salio la mume, anajua nani kampigia na saa ngapi, lakini hajui mwenzake anaota nini. Kicheni pati tunafundishana kukatika na kupanga vyombo; sijasikia somo hata mmoja akimwambia bibi harusi afanyeje siku mume akilia. Na waume nao wamefundwa kwamba mwanamume halii, basi analia kwa chupa. Halafu tunaitana vikao.

Nikuonye mawili, na haya si ya utani. Kumfungia mlevi wa kila siku akaacha ghafla kunaweza kumuua. Huanza kutetemeka na kutoka jasho, kisha anaweza kuona vitu visivyokuwepo na kupata degedege, na siku mbili tatu za mwanzo ndizo za hatari. Yule uliyemfungulia mlango alikuwa wa kupelekwa hospitali. La pili, huo unga wa kwenye uji utupe. Ipo dawa ya hospitali ambayo mtu akiimeza kisha akanywa pombe, anatapika na moyo unamwenda mbio, na hiyo hupewa mtu anayejua na aliyekubali. Wako umeununua kwa nani hata hukuandika.

Sijasema umbebe. Akikupiga, toka na watoto. Ila hujaandika kwamba amekupiga, na kwa jinsi unavyojua kuorodhesha, ungeandika. Ada ya watoto iweke mahali asipopafikia, na usimlipie deni la kilabu. Kufungasha utafungasha ukitaka, lakini bado hujajaribu kumtibu, umejaribu kumkomoa.

Mpigie wifi yako leo, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mwombe msamaha, muulize walikwenda kwa daktari gani na wakaambiwa nini, maana cheti anacho yeye. Kisha mumeo mpeleke Temeke hapo karibu, kitengo cha afya ya akili, na ikibidi watamwandikia rufaa ya Muhimbili. Daktari aambiwe habari za Makambako kabla ya habari za chupa. Na mweleze mumeo mapema, asubuhi kabla hajaonja kitu, kwamba mnakwenda wote wawili. Akikataa, usigombe, mrudie kesho yake. Wifi awepo.