Re: Maji ya gesi kwenye kegi hayashiki gesi

Pole ndugu, umesema umeweka gesi ya CO2 (kaboni dayoksaidi) kwa psi 12 (kipimo cha presha) siku mbili, kegi (pipa la chuma la kinywaji) ikiwa pale jikoni, na maji bado yanatoka kama ya bomba, hapo tatizo ni joto. Kwa joto hili la Dar maji hayashiki gesi ya kutosha kwa presha hiyo, hata ungesubiri wiki. Mimi kegi inalala kwenye friji mpaka maji yafike nyuzi 3 hivi, natoa hewa ya juu kwa kuvuta valvu mara tatu nne, naweka psi 30 natikisa dakika tano alafu naiacha humohumo mpaka kesho. Kumimina shusha presha kwanza.

Ila tafadhali sana usiunge mtungi wa CO2 bila regyuleta (kifaa cha kupunguza presha), kwa joto hili presha ndani ya mtungi inapita bar 60 (bar moja ni kama psi 14.5), kegi itapasuka ikuumize. Na hiyo CO2 iwe ya vinywaji. Ukihisi inavuja fungua madirisha utoke, haina harufu hiyo, alafu mwite fundi wa gesi.