Umri wa makala: kwa mnaoanza utafiti wa Ziwa Victoria

Wadogo zangu mnaoanza shahada ya uzamili hapa Mwanza, msimamizi atawaambia mtumie makala za miaka mitano iliyopita. Msikilizeni, ila mjue kanuni hiyo inaishia wapi.

Mwaka 1963 Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi, alieleza kwamba machapisho ya sayansi yalikuwa yakiongezeka maradufu kila baada ya miaka 10 hadi 15 hivi. Kwa kasi hiyo, karibu nusu ya yote yaliyopo huwa yametoka katika miaka hiyo 10 hadi 15 ya karibuni. Kwa hiyo mkikuta marejeo mengi ni ya juzijuzi, sababu mojawapo ni kwamba ya zamani yalikuwa machache tangu mwanzo. Tena fani hazizeeki sawasawa. Watafiti Burton na Kebler, mwaka 1960, walikadiria kuwa nusu ya makala zilizokuwa zikirejelewa katika fizikia hazikuzidi umri wa miaka 4.6, katika hisabati, 10.5.

Sasa njooni ziwani. Mbinu za kuchambua vinasaba huchakaa upesi, hapo shikeni za karibuni. Hesabu ya samaki waliovuliwa zamani ni jambo jingine kabisa, maana hakuna awezaye kurudi kuwavua upya. Michael Graham, mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, alifanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, ripoti ikatoka 1929. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kukusanya furu, samaki wadogo wa spishi nyingi, katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, kabla sangara hawajafurika humo miaka ya 1980 na furu wengi kutoweka. Anayeandika leo kwamba ziwa limebadilika huku marejeo yake yote ni ya juzi, analinganisha na nini? Swali hili linaniuma, kwa sababu naliona likikosa jibu katika tasnifu nyingi nzuri.

Msiinukuu ripoti ya zamani kupitia makala ya mtu mwingine. Itafuteni yenyewe. Ikikosekana mtandaoni, ulizeni maktaba, ulizeni TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Mkiipata, anzeni na sehemu ya mbinu: ukubwa wa matundu ya wavu, kina, mwezi, usiku au mchana. Majina ya kisayansi ya furu nayo yamebadilishwa mara kadhaa, hivyo linganisheni orodha za spishi kabla ya kulinganisha idadi.

Msimamizi akihoji rejea ya 1929, ongezeni sentensi moja kwenye tasnifu: takwimu zipi zimechukuliwa humo, na kwa nini hakuna mpya za kuzibadili.