Chakula cha kupeleka kwa wenzako wa bao

Ndugu yangu, umeeleza kwamba wenzako wa bao wamekubaliana kila mmoja alete chakula cha nyumbani anachokipenda, ilhali mmoja wao hali vitu vya baharini, mwingine hawezi pilipili, nawe sifa yako ni pweza wa nazi. Ningekushauri pweza umwache kwa siku nyingine, si kwa ajili ya mwenzako huyo tu, bali kwa kuwa mchuzi wa tui huchacha upesi katika joto, na mikono yenye mchuzi haifai kabisa kushika kete 64 za bao la watu. Peleka mkate wa kumimina, unaopikwa kwa mchele uliorowekwa ukasagwa pamoja na tui, hamira, sukari na iliki. Huliwa hata ukiwa umepoa, na sijaona bado aliyeukataa. Anayetaka kikali alete kachori, lakini chatini ya pilipili ikae kwenye bakuli la pembeni. Kabla ya siku hiyo, muulize kila mmoja faraghani asichokula, kwani wapo wanaoona haya kusema hadharani kwamba karanga huwadhuru.