Tarehe ya kwetu si tarehe ya UTC: kwa mnaoanza kupima asteroidi

Wiki hii nimepokea ripoti tatu za vipimo vya asteroidi (mawe yanayolizunguka jua) kutoka kwa wanachama wapya wa klabu yetu, na mbili kati yake zina kosa la kuchanganya tarehe yetu na ya UTC (saa ya pamoja ya dunia, ile ya Greenwich, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu), kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya nikijiona fundi kuliko ninyi. Nimezirudisha bila kumgombeza mtu, kwa hiyo nitagombeza hapa.

1. Saa ni nusu ya kipimo. Mnahangaika na kioo cha darubini na ubaridi wa kamera, halafu wakati wa picha mnaukisia. Yangu yalinikuta mwaka ule kituo chetu kilipopata msimbo wa utambulisho kutoka Minor Planet Center, ofisi ya kimataifa inayokusanya vipimo vya asteroidi. Betri ya saa ya kompyuta ilikuwa imekufa na bando limekwisha, hivyo nikaandika muda wa kila picha daftarini kwa mkono, kwa saa zetu: "saa 7:40, usiku wa kuamkia tarehe 9". Asubuhi, macho yakiwa mazito, nikageuza kuwa 01:40, nikatoa saa tatu, nikapata 22:40, na tarehe nikaiacha ileile ya 9, ilhali kwa UTC ilikuwa bado tarehe 8. Nilipozipepesa picha nne, yaani kuzionyesha moja baada ya nyingine haraka haraka, kwenye Astrometrica, programu ya kupimia asteroidi, nukta moja ilitembea vizuri kabisa, na programu haikuipa jina lolote. Bila shaka haikuipa, kwa sababu nilikuwa nimeiagiza inionyeshe asteroidi zinazojulikana katika anga ya usiku uliofuata. Nikaamini nimegundua.

Kukosea tarehe si ajabu. Aibu ni yaliyofuata. Nilituma vipimo Minor Planet Center bila kumwonyesha mtu, kisha nikatangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kufikia adhuhuri nukta yangu ilikuwa imegeuka jiwe linalokuja kuigonga dunia, na shangazi alinipigia kuuliza kama aendelee kumlipa fundi wa bati au angoje kwanza. Nilimjibu kwa sauti ya kitaalamu, Mungu anisamehe, kwamba "bado tunafuatilia". Jioni mzee aliyenifundisha kazi hii alifungua daftari langu, akaweka kidole kwenye neno "kuamkia", akauliza, "Wapi, mwanangu? Kwetu au Greenwich?" Hakuhitaji kuendelea. Tulirudisha tarehe siku moja nyuma na papo hapo nukta ikapata jina: asteroidi ya ukanda mkuu, yenye namba, iliyojulikana tangu sijazaliwa. Barua ya kuomba vipimo vifutwe ilikuwa na mistari minne na ilinichukua saa nzima kuiandika. Shangazi aliezeka nyumba yake, na hadi leo akiniona huuliza hali ya jiwe langu.

2. Masalio (tofauti kati ya mahali ulipopima na mahali hesabu ya njia ya jiwe inapoliweka) yakizidi sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii, usitume. Kagua saa kwanza.

3. Kinachokwenda kasi kisisubiri usiku wa pili. Kijiwe 2008 TC3 kilionekana Arizona, Marekani, tarehe 6 Oktoba 2008 kwa UTC, na saa 20 hivi baadaye kilipasuka juu ya Jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudani. Kwa sababu vituo vingi viliwahi kutuma vipimo vyenye saa sahihi, mahali pa kuanguka palijulikana kabla hakijafika, na baadaye Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum aliwapeleka wanafunzi wake jangwani, wakatembea kwa mstari wakiokota vipande vyeusi mchangani.

4. Msisambaze asilimia ya jana. Uwezekano wa asteroidi 2024 YR4 kuigonga dunia mwaka 2032 ulipanda hadi asilimia 3.1 mwezi Februari 2025, kisha ukaporomoka ndani ya siku chache, na bado kuna mtu ananitumia picha ya ile 3.1. Kila kipimo kipya hupunguza eneo ambalo jiwe linaweza kupita, na maadamu dunia ingali ndani ya eneo hilo, sehemu yake huonekana kukua. Siku dunia inapotoka nje ya eneo, namba huanguka. Hakuna aliyewaficha kitu.

5. Wanaonijia wakitaka kuzungumzia mabomu ya kulipua asteroidi tu, wasome kwanza jinsi matokeo ya DART, chombo cha NASA cha kujaribu kuisukuma asteroidi, yalivyopimwa. Chombo kile kiliigonga Dimorphos, asteroidi ndogo inayoizunguka asteroidi kubwa zaidi iitwayo Didymos, kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde, saa 23:14 UTC, tarehe 26 Septemba 2022. Darubini za duniani hazikuuona mwamba ukisogea. Zilichofanya ni kuhesabu mwanga ukififia na kurudi kila Dimorphos ilipopita mbele au nyuma ya Didymos, hadi ikathibitika kwamba mzunguko wa saa 11 na dakika 55 umepungua kwa dakika 33 hivi, wakati lengo la chini lilikuwa sekunde 73. Miongoni mwa darubini ndogo za watu wa kujitolea zilizonasa mgongano wenyewe, moja ilikuwa Nairobi, ambako ilikuwa saa nane na dakika 14, usiku wa kuamkia tarehe 27. Yaani tarehe nyingine kabisa, mnaniona ninakoelekea?

6. Asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi juu ya ardhi, karibu kuliko setilaiti za matangazo, bila kutugonga, na kutoka Afrika itaonekana kwa macho matupu. Kila bango linasema tarehe 13 Aprili 2029. Wakati itakapokuwa karibu zaidi ni saa 21:46 UTC, ambayo kwetu ni saa sita na dakika 46 usiku, tarehe 14. Atakayeniletea daftari lenye "tarehe 13, saa 6:46 usiku" ataosha vikombe vya chai vya klabu mwezi mzima, na sabuni atanunua mwenyewe.